Turbo Zilizokufa kwa Shikamoo

Nimestaafu. Najua neno hilo ni la watu wenye mvi na kiinua mgongo, na mimi sina hata kimoja, lakini sioni jingine linalofaa. Aliyeacha kazi anaweza kurudi, mimi sirudi. Vijana wawili waliochukua nafasi yetu katika gereji ya Mzee Ntandu, hapa Singida, wameniomba niwaandikie mambo ya kujua kuhusu turbo za malori yale. Nawaandikia. Ila wao wameshaambiwa kwamba fundi aliyekuwepo kabla yao alikuwa mwizi, kwa hiyo itabidi wavumilie habari hiyo pia, maana siwezi kueleza turbo za yadi ile bila kumweleza yeye.

Mshahara siutaji na cheo sikuwa nacho. Siku ya kwanza nilifika na shahada ya uhandisi wa mitambo na viatu ambavyo havijawahi kuguswa na oili. Fundi Rama alikuwa amechuchumaa kwenye kivuli cha lori, mtu mfupi wa makamo, kofia ya kufuma kichwani, meno yaliyogeuka kahawia kwa maji ya kwetu. Hakuniuliza nimesoma wapi. Alinipa kitu cha chuma chenye umbo la konokono wawili waliogeuziana migongo.

"Zungusha kwa kidole."

Nikazungusha. Ndani kulikwaruza.

"Haya, injinia. Nini kimeiua?"

Nikaanza kueleza jinsi turbo inavyofanya kazi, mgandamizo, joto, uwiano wa hewa na mafuta. Akasikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Nimekuuliza imekufaje," akasema, "umenisomea cheti cha kuzaliwa."

Hata hivyo cheti cha kuzaliwa nacho kina kazi yake, kwa hiyo nianze nacho. Injini inachoma dizeli, na dizeli haiwaki bila hewa. Injini ya kawaida inavuta hewa kwa pumzi zake yenyewe, na pumzi hizo zina kikomo. Ukitaka nguvu zaidi, ama ujenge injini kubwa zaidi, ama uisukumie hewa injini hiyohiyo ndogo iliyopo ili silinda zijae kuliko zinavyoweza kujijaza, kisha uongeze dizeli. Turbo inasukuma. Moshi unaotoka kwenye ekzosi una moto na kasi. Unapita kwenye konokono wa kwanza na kuzungusha feni yake. Feni hiyo imeunganishwa kwa shafti moja na feni ya konokono wa pili, ambayo inavuta hewa safi kutoka kwenye filta na kuishindilia ndani ya injini. Shafti inazunguka kwa kasi ambayo injini yenyewe haiifikii hata kwa ndoto. Haishikwi na kitu chochote kigumu. Inaelea juu ya utando mwembamba wa oili, na oili hiyo inasukumwa na injini. Mkisahau yote niliyoandika, hiyo sentensi ya mwisho msiisahau.

Supachaja ni ndugu yake, lakini hafanani naye tabia. Niliiona mara moja tu pale, kwenye gari dogo la mpita njia lililokuwa likilia kama nyuki waliofungiwa kwenye mtungi. Yenyewe haitumii moshi. Inazungushwa na mkanda kutoka kwenye injini moja kwa moja, ndiyo maana ukikanyaga mafuta inaitika palepale, wakati turbo inasubiri moshi uongezeke kwanza. Fundi Rama alinieleza hivi: "Turbo anakula makombo. Supachaja anakula mezani na mwenye nyumba." Maana yake, supachaja inachukua nguvu ya injini ili iirudishie injini nguvu nyingi zaidi, turbo inaokota kilichotupwa. Nilibishana naye siku nzima. Nilimwambia makombo si ya bure, kwamba feni iliyokaa njiani inauzuia moshi kutoka na injini inalipa kwa kusukuma. Jioni akakubali. "Sawa," akasema, "lakini kombo lenye mfupa bado ni kombo." Sijawahi kufanya kazi na mtu mwingine aliyekubali kubishiwa na msichana, akashindwa, na kesho yake akamwachia spana zake.

Kesi zilikuwa nyingi. Upepo wa Singida mnaujua, na vumbi lake. Kulikuwa na dereva aliyetoboa filta ya hewa kwa bisibisi ili lori "lipumue vizuri". Lilipumua vizuri kweli, lilipumua barabara nzima ya vumbi ya kutoka Mitundu, na mabawa ya feni yakalika yakawa membamba kama kisu cha kuchongea penseli. Lori jingine lilikuja halina nguvu kabisa, linatoa moshi mweusi, mwenye lori keshaambiwa na watu anunue turbo mpya. Fundi Rama alinituma nikalete maji ya sabuni. Tukapaka kwenye mipira yote inayopeleka hewa kutoka kwenye turbo, injini ikiwa inanguruma, na kwenye mpira mmoja povu likaanza kucheka. Ufa mdogo tu, upande wa chini usioonekana. Turbo ilikuwa inafanya kazi yake na hewa yote inamwagika njiani. Kwa hiyo kabla ya kuhukumu turbo, pakeni sabuni. Wenye magari watawaona hamjasoma. Wavumilieni.

Sasa nije kwenye zile za Mzee Ntandu.

Yadi yake iko juu ya kilima nje kidogo ya mji. Njia inapanda katikati ya mawe makubwa, fupi lakini kali, na lori lililojaa alizeti kutoka Iguguno linaipanda kwa gia ya kwanza, injini ikilia kwa nguvu zake zote. Ukimaliza kupanda uko getini. Mkono wa kulia wa geti, chini ya kibaraza cha bati, ndipo alipokuwa akikaa Mzee Ntandu, kwenye kiti kizito cha mbao, tangu asubuhi mpaka jioni. Zamani, kabla yangu, dereva mmoja aliwahi kumwamkia akiwa juu ya usukani, injini ikinguruma. Mzee alimtazama, akamuuliza, "Unaniamkia au unanipigia honi?" Dereva yule hakudumu. Tangu hapo ikawa sheria isiyoandikwa: tairi za nyuma zikishavuka geti, unazima, unashuka, unavua kofia, unasema shikamoo. Mzee anaitikia marahaba, anakuuliza njia, mvua, afya ya mama yako. Mkimaliza ndipo unawasha tena kwenda kwenye mizani.

Mimi mwenyewe nililelewa Ikungi kwa adabu hiyo hiyo na sikuona kosa. Hakuna aliyeona kosa.

Lakini turbo zilikuwa zikifa. Lori linaanza kutoa moshi wa bluu, oili inapungua, kisha siku moja kunasikika mluzi mkali na nguvu zinakata. Tunafungua, shafti inacheza kama jino la mtoto, feni imekwangua ukuta. Tunafunga mpya. Baada ya safari kadhaa, tena. Tulibadilisha aina ya oili. Tulisafisha mipira. Tulizuia vumbi. Zikaendelea kufa.

Aliyeumia zaidi ni Elibariki, dereva Mnyiramba wa Iguguno, mwanakwaya, mtu mwenye heshima hata akiongea na mtu mzima kwa simu anavua kofia.

"Dada injinia, hili gari limerogwa," aliniambia turbo yake ilipokufa tena.

"Nani aroge turbo, Elibariki?"

"Watu wanaroga mpaka jenereta la kanisa, sembuse turbo."

Ambaye turbo yake haikufa ni Masanja. Lori lake lilikuwa la aina ileile, oili ileile, kilima kilekile. Nikaifungua kwa udadisi tu. Feni ikazunguka kwa kidole kimya kabisa.

"Masanja, hili gari unalilisha nini?"

"Matusi," akasema. "Gari likitukanwa linajua lina mwenyewe."

Mimi tangu utoto ni mtu wa kuuliza, mpaka mama alikuwa ananificha jikoni wageni wakija. Nikaacha kumuuliza Masanja na kuanza kumtazama. Masanja ni Msukuma, na Wasukuma ni watani wetu sisi Wanyaturu. Alipopanda kile kilima hakuzima wala hakushuka. Alitoa kichwa dirishani, injini ikinguruma taratibu, akapaza sauti: "Wee mzee, bado upo? Mimi nilishanunua sanda!" Mzee akamjibu kwamba Msukuma hajui bei ya sanda kwa kuwa kwao wanazikana kwa ngozi ya ng'ombe. Wakatukanana hivyo kwa furaha mpaka Masanja akachoka, akaendelea kwenye mizani. Kwa mtani sheria ya getini haikuwepo.

Nyuma yake akaingia Elibariki. Lori limetoka kupanda likiwa na mzigo, turbo imeiva kwa moto, shafti inazunguka kwa kasi yote. Akazima palepale, akaruka chini, kofia mkononi.

Nilisimama pale na grisi mikononi, nikaelewa. Injini ikizimwa, oili inasimama hapohapo. Shafti haisimami, inaendelea kuzunguka bila kitu cha kuelea juu yake. Na oili iliyobaki mle ndani inaungua kwenye chuma chenye moto, inashika kama ukoko kwenye sufuria ya uji uliyoacha kukoroga. Ukoko ukiziba tundu la oili, safari inayofuata shafti inakauka. Dawa yake ni dakika chache tu za kuiacha injini ingurume polepole kabla ya kuzima, ipoe huku oili ikipita. Masanja alikuwa anatoa dawa hiyo kila siku bila kujua, kwa kukosa adabu. Elibariki alikuwa anaua turbo kwa malezi mema.

Nilikimbia kumwambia Fundi Rama. Alijifuta mikono kwa kitambaa, muda mrefu, kidole kimoja kimoja.

"Nilishahisi," akasema.

"Na ukanyamaza?"

"Niliwaambia madereva wapitilize mpaka kwenye mizani, wazime huko, ndipo warudi kwa miguu kumwamkia. Wakajaribu. Mzee akauliza, hawa wanaonipita kama kisiki wamekuwaje. Wakaacha."

"Si ungemweleza?"

"Nimwambie shikamoo yake inaua gari? Mimi spana yangu ya kwanza alininunulia huyu." Akakunja kitambaa. "Na wewe usimwambie."

Kama mambo yangeishia kwenye chuma, labda ningemtii. Hayakuishia. Mzee aliwauliza wenzake wenye malori, nao wakamwambia turbo zao zinadumu. Ni kweli zilikuwa zinadumu; wenzake hawakuwa wakikaa getini. Yeye akapata maana nyingine: turbo mpya zinaondolewa kwa siri na kufungwa kuukuu. Na anayefungua na kufunga ni mmoja.

Aliita watu baada ya swala ya Ijumaa, palepale kibarazani. Madereva, wapakiaji, sisi wa gereji.

"Rama," akasema, "turbo zangu zinaenda wapi?"

"Zinakufa, mzee."

"Zinakufa kwangu tu?"

Fundi Rama akainama. Ilikuwa wazi kinachofuata: ataondoka pale akiwa mwizi, na Singida si mji mkubwa wa fundi mwizi kujificha. Nikamtazama. Akatikisa kichwa kunikataza.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Nawe binti una neno?"

"Zinakufa hapa getini, mzee." Nikaeleza yote, moto, oili, ukoko wa uji.

"Hapa hatupiki," akasema, watu wakacheka. "Gari linazimwa haraka kwa nini?"

"Ili wakuamkie."

Hapo hawakucheka.

"Kwa hiyo shikamoo yangu ndiyo inayoua malori."

"Si shikamoo, mzee. Ni kuzima."

"Wanazima kwa ajili ya nini?"

Nikalazimika kulitamka: "Shikamoo."

Masanja peke yake ndiye aliyeangua kicheko, akakimeza katikati. Mzee alinitazama bila hasira, na hilo lilinitisha zaidi.

"Mimi nimeamkiwa na madereva tangu gari linawashwa kwa hendeli. Hakuna lililokufa kwa kuniamkia."

"Hayakuwa na turbo, mzee."

Ilikuwa kweli, na haikusaidia kitu. Akanigeuzia bega na kuhamia Kinyaturu. Mtu mzima akihamia lugha ya nyumbani katikati ya kikao, ujue kikao kimekwisha. Alimuuliza Fundi Rama kama ni yeye aliyemtuma mtoto wa watu kuja kusema maneno yale. Fundi Rama alijibu kwa Kiswahili, nadhani ili nisikie vizuri.

"Sikumtuma."

Angeweza kuongeza kwamba ni kweli. Nilisubiri aongeze. Alinyanyuka, akaenda kufungasha spana zake, na ile ya kwanza aliyonunuliwa akaiacha juu ya meza ya kazi.

Jumatatu yake niliingia kazini nikakuta kiti hakipo getini. Kilikuwa nyuma ya ghala, upande ambao lori haliwezi kufika. Dereva akipanda kilima hakuwa na mtu wa kumfanya asimame. Alipitiliza taratibu mpaka kwenye mizani, akasubiri zamu injini ikinguruma, akapimwa, akaegesha, akazima, kisha akazunguka ghala kwa miguu kwenda kuamkia. Hakuna tangazo lililotolewa.

Turbo zikaacha kufa.

Mnaona kilichotokea. Fundi aliondoka, turbo zikapona. Ushahidi gani tena mtu autafute? Waliokuwa na shaka juu ya wizi wake, shaka iliwatoka. Hata Elibariki, mtu wa Mungu, alinijia na uso wa huruma.

"Unaona sasa, dada injinia? Nilisema limerogwa, kumbe mchawi tulikuwa tunakula naye."

"Elibariki, kiti kimehama."

"Kiti na turbo wapi na wapi?"

Nikazunguka ghala. Ilikuwa saa nane, na jua lilikuwa linampiga mzee usoni, maana ukuta ule hauna kivuli mchana kutwa. Alikuwa ameweka kitambaa kichwani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Kazi?"

"Nzuri. Mzee, kiti umekihamisha kwa nini?"

Alifinya macho kwa mwanga.

"Jua," akasema.

Nilirudisha ovaroli siku hiyohiyo. Chuo kilinifundisha kwamba ukitoa hoja sahihi yenye ushahidi, ukweli unashinda. Hapa ukweli ulishinda kabisa, ulisikilizwa, ulitekelezwa kuliko maazimio ya semina yoyote niliyohudhuria, na ndio uliomhukumu mtu asiye na hatia. Ningenyamaza, turbo zingeendelea kufa baada yake na watu wangejua si yeye. Sijutii kusema. Ninachokataa ni kurudi mahali ambapo mtu anaweza kukuelewa kabisa na bado akamwacha mwenzako aitwe mwizi.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona huko Issuna, alikohamia. Nilimuuliza mama mmoja wa vitunguu pale sokoni kama anamfahamu Fundi Rama. "Rama yupi? Yule wa feni za malori?" akasema, akasogeza pochi yake karibu, nadhani bila kujua. Nilimkuta kwenye mashine ya kusaga, ameichambua injini yake. Mwenye mashine alikuwa amechuchumaa mbele yake, anatazama mikono ya fundi, hatazami injini.

"Umeacha kazi?" Fundi Rama akaniuliza. "Mjinga wewe."

Kisha, kwa sauti ya chini: "Zimeacha kufa?"

"Zimeacha."

"Alihamisha kiti?"

"Nyuma ya ghala."

"Kwa hiyo alielewa." Akatabasamu, tabasamu la fundi ambaye gari limewaka. "Alhamdulillahi."

Nilitaka akasirike. Nilikuwa nimebeba hasira ya watu wawili kutoka Singida na sikujua pa kuitua.

"Fundi," mwenye mashine akadakia, "kulikuwa na nati tano hapa. Naona nne."

Fundi Rama akafungua kiganja cha kushoto, taratibu, kama aliyezoea, akamwonyesha ya tano.

Sasa nyinyi wawili. Mpira ukivuja, sabuni. Filta isitobolewe. Gari likitoka mlimani liache lingurume kabla ya kuzima. Na kesho mkiingia getini, tazameni chini ya kile kibaraza cha bati, mkono wa kulia. Kwenye simenti kuna mashimo manne, yamechimbwa na miguu ya kiti kizito kilichokaa pale miaka mingi. Yapimeni kwa vidole. Kisha zungukeni nyuma ya ghala, vueni kofia, mpeni mzee shikamoo yake, maana ni haki yake. Akishaitikia, muulizeni ni lini jua lilianza kuwaka pale kivulini.